Hodi kwa Konokono wa Wino

Dar es Salaam,
19 Februari 2024

Mwahija shoga yangu,

Deli lako la barafu limefika. Yassini kondakta amenikabidhi mkononi huku akilalamika kwamba tangu aanze kazi ya basi hajawahi kubeba mzigo mzito unaopumua. Konokono wako wote wazima na maji yao safi kabisa, sio kama ya deli la kwanza lile la Novemba, lililofika zambarau mpaka nikadhani wamechinjana njiani. Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie pweza mkavu nilimpika kwa nazi siku ileile, na jirani yangu wa chumba cha pili akajikaribisha mwenyewe.

Dhumuni la barua hii sio salamu, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Tangu tuanze kazi hii hujaniuliza hao konokono nawafanyia nini, na mimi sijakueleza. Leo nakueleza, maana pametokea neno.

Konokono wa wino hana gamba la kujifichia, lakini Mungu amempa seli za neva kubwa kuliko zetu. Nyingine unaweza kuziona kwa macho yako bila kioo cha kukuzia. Seli moja haiongei na mwenzake kwa kumgusa. Inatoa tone la kemikali, na kemikali hiyo inavuka mwanya mdogo na kwenda kubisha kwenye ukuta wa jirani. Ninayoishughulikia mimi inaitwa serotonini. Utamu wake uko hapa: serotonini haiingii ndani ya seli. Ni sawa na mgeni anayepiga hodi barazani. Yeye anabaki nje, ila mtoto aliyemsikia anakimbia mpaka uani kuwaambia wakubwa, na mara nyumba nzima imeinuka, moto unachochewa, mkeka unatandikwa. Huyo mtoto anayekimbia ndani wataalamu wanamwita mjumbe wa pili. Ndiye ninayempima. Kazi yangu yote ya shahada ni kujua anakimbia kwa kasi gani na anaamsha akina nani.

Konokono wa Novemba na Desemba walikuwa wananifurahisha. Nikidondosha serotonini, mtoto huyo mbio. Wa Januari, na hawa wa sasa, nadondosha, nasubiri, hakuna kinachoongezeka. Nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na habari na mimi.

Msimamizi wangu, Profesa Jerome, amesema madeli hayo yaliharibika njiani na niyafute kwenye matokeo. Ufadhili wangu unakwisha Juni. Yeye asiposaini, shahada sina. Nikiyafuta, karatasi inakuwa safi na anasaini hata kesho.

Ila kabla sijawafuta nataka nijue kwako. Ulibadilisha mahali pa kuokota? Au waliachwa juani kusubiri bodaboda? Usinifiche, sitakasirika.

Wako,
Benadetha


Sudi,
26 Februari 2024

Bena,

"Usinifiche, sitakasirika." Nilipofika hapo niliikunja barua nikaenda kuosha vyombo, ili nisikujibu nikiwa na hasira. Vyombo vimekwisha, hasira ipo palepale.

Mama amesema marahaba, na kwamba huyo jirani wa chumba cha pili aache tabia hiyo.

Sasa nisikilize. Mahali ni palepale ulipopaona ulipokuja na yule dereva wenu, kwenye majani ya bahari kabla hujafika mwambani, maji yakiwa magotini. Nakwenda wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wenzangu wakikimbilia mashimo ya pweza mimi nainama kwenye majani kama mtu aliyedondosha hereni. Nawabeba kwa mikono miwili. Nyumbani wanakaa kwenye beseni la bluu kivulini nyuma ya jiko, wanabadilishiwa maji asubuhi na jioni, wanakula mwani mbichi, na ile pampu yako ya betri inawapulizia usiku kucha mpaka mama anasema wanalala vizuri kuliko yeye. Siku ya basi nawafunga kwenye mifuko yenye maji na hewa, barafu chini, gunia lililolowa juu. Jua watalionea wapi?

Unajua wanachonisema hapa? Wanasema napeleka konokono kwa mganga wa Mbagala. Ahmadi Likwata, mwenyekiti wa kamati ya ufukwe, ameniuliza mbele ya watu dukani kama hao wadudu ni wa kulogea. Nikamwambia ningekuwa na uganga huo ningeanza na yeye. Watu walicheka, na sasa ana kinyongo. Kile kibali ulichonipa nimekibandika ukutani karibu na kalenda ili kila anayeingia kunichunguza asome mwenyewe. Hayo yote nimeyabeba na sijakuletea malalamiko hata siku moja. Leo wewe ndiye unayekuja kunipekua.

Na uache kupiga simu. Simu ya nyumba hii anaishika kaka yangu, na akiishika anasikiliza yeye. Mimi nataka kuongea na wewe, sio na kaka. Karatasi inafungwa ndani ya plastiki, inapanda basi, inafika kwako haijamwambia mtu.

Konokono wabovu wangefika wamekufa. Hawa wamefika hai wakakataa kukujibu, basi uliza wana nini, sio uulize mimi nimefanya nini.

Mwahija


Dar es Salaam,
8 Machi 2024

Mwahija,

Nimekosa. Nilikuuliza kama askari wa barabarani. Nisamehe, na nakuomba usinijibu ukiwa umemaliza kuosha sufuria, maana nitapata zaidi.

Nilirudi kwa Profesa nikamwambia mkusanyaji wangu hana kosa, mahali ni palepale, matunzo ni yaleyale, kwa hiyo wale konokono ni halali kama wenzao na lazima tuwaeleze. Akavua miwani. Akasema, "Benadetha, mwanafunzi mzuri anajua data chafu inafuliwa." Nikasema hii sio chafu, hii hatujaielewa. Akasema yeye amekuwa akielewa konokono kabla mimi sijazaliwa, na kwamba asiyekuwepo na lake halipo: tukiyaondoa madeli hayo hakuna atakayeuliza.

Nilitoka pale kwa hasira. Nikakaa ngazini. Kisha baba akapiga kutoka Mtama. Unamjua mzee Damiani. Ameshawatangazia wote wanaokuja kupima korosho zao dukani kwake kwamba Novemba binti yake anavaa joho, na wengine ameshawaalika. Akaniuliza tu, "Mambo yanakwenda, mama?" Nikasema yanakwenda.

Nimechoka, Mwahija. Nimebakiwa na miezi michache, na yule mtu ndiye mwenye kalamu. Jumatatu nawatoa. Nitawafuta wa Januari na Februari, nitaandika nilichoambiwa, nitapata karatasi yangu, halafu nikishakuwa na jina langu mwenyewe nitarudi kuwauliza.

Usinichukie. Wewe endelea kutuma mpaka mwisho wa mwezi huu, na ile kazi yako ya maji safi usiiache, tafadhali. Tangu Januari deli halijanichafulia hata kidole.

Benadetha


Sudi,
13 Machi 2024

Benadetha,

Nimefunga, kwa hiyo sitakutukana. Shukuru mwezi mtukufu.

Unakumbuka kidato cha tatu, ile asubuhi niliyoitwa mlangoni? Tumbo langu lilikuwa halijaonekana hata kwa mama, lakini walishatupima mimba. Mwalimu Leonadi alikuwa mezani na daftari la mahudhurio. Hakunitazama. Alichukua rula, akaiweka chini ya jina langu, akaisogeza juu kidogo ili ikae katikati ya herufi, akachora mstari kwa kalamu nyekundu. Taratibu, ili usipinde. Nilisimama pale nikamwangalia mpaka akamaliza. Hakuna aliyeniuliza ni nani, ilikuwaje, nataka nini. Darasa likawa safi. Matokeo ya mwaka ule yalikuwa mazuri sana, si ndiyo? Waliobaki wote walifaulu.

Sasa wewe, uliyekaa dawati moja na mimi na kulia mpaka kamasi, unaniambia Jumatatu unachukua rula. Eti ukishakuwa na jina utarudi kuwauliza. Bena, hakuna anayerudi. Mimi nimekaa hapa miaka yote hii, sijaona mtu akirudi kuuliza.

Profesa ana kalamu. Sawa. Na wewe una mdomo, au uliuacha Mtama kwenye magunia?

Na hiyo shukrani yako ya maji safi ndiyo imenichoma zaidi. Unadhani maji hujisafisha yenyewe? Ile Desemba, deli la pili, Yassini alikuja juu hapa kama moto wa makuti. Konokono walimwaga wino njiani, mfuko ukapasuka, zambarau ikamwagikia abiria mwenye kanzu nyeupe aliyekuwa anakwenda harusini Kilwa Masoko. Yassini akasema deli likichafua tena atalishusha porini na mimi nilifuate kwa miguu. Nikajua la kufanya, kwani sisi na pweza tunafanya nini? Kabla ya kumpika unamtoa wino. Basi tangu Januari kila asubuhi nawatoa mmoja mmoja kwenye beseni, nambana kwa dole gumba hapa ubavuni mpaka amwage wote, namrudisha kwenye maji mapya. Kesho yake tena, mpaka siku ya basi, ikifika hiyo hana hata tone. Wengine wakorofi, lazima umbane sana, anajikunja kama ngumi. Kazi hiyo inanimalizia asubuhi nzima, na dole gumba langu limekuwa zambarau, mama anasema nimepiga kura nchi nyingine.

Hiyo ndiyo kazi ninayokufanyia, na wewe unawafuta.

Mwahija


Dar es Salaam,
18 Machi 2024

Mwahija, Mwahija, Mwahija,

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido, nikairudia nikiwa nimekaa sakafuni. Watu walidhani nimefiwa.

Sijawafuta. Jumatatu ilifika na sikuwafuta, kabla hata barua yako haijafika. Nilifungua kompyuta nikashindwa. Lakini sasa hata nikiwekewa panga shingoni siwafuti.

Kwa nini hukuniambia kuhusu dole gumba? Ndiyo, najua, kwa sababu sikuuliza. Niliuliza jua, nikauliza mahali. Nani anauliza kama mtu ametoa wino.

Sikia. Konokono huyu akiumizwa, mwili wake mwenyewe unatoa serotonini. Ileile ninayomdondoshea mimi. Akibanwa leo, hodi. Kesho, hodi. Kesho kutwa, hodi. Mtoto amekimbia uani kila asubuhi, na nyumba imejifunza: haisubiri tena kuambiwa, inakaa imesimama, moto umewaka, mlango umeshikwa. Kisha ninakuja mimi na kitone changu cha maabara, nabisha, naona hakuna anayeinuka, nasema humu hamna watu. Kumbe wote wameshainuka. Hawakuwa wabovu, shoga yangu. Walikuwa wameshaambiwa.

Nilikwenda kwa Profesa nusu nakimbia. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Hizi ni hadithi za pwani. Huwezi kuweka dole gumba la mtu kwenye tasnifu." Nikamwambia dole gumba hilo ndilo jaribio bora lililofanyika kwenye maabara hii mwaka huu, na lilifanyika Sudi nyuma ya jiko. Akasema nichague: niyafute madeli hayo au nitafute msimamizi mwingine. Nikasema siyafuti. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka mhudumu akachungulia.

Nahitaji deli moja zaidi, la mwisho. Konokono waliookotwa siku moja, mabeseni mawili, maji yaleyale, mwani uleule. Nusu wakamue kila asubuhi kama kawaida yako. Nusu usiwaguse kabisa, hata wakikutazama vibaya. Wafungie mifuko yao nyuzi za rangi mbili. Na usiniambie uzi upi ni wa akina nani. Nikijua, Profesa atasema niliona nilichotaka kuona. Nikikuomba uniambie, kataa. Hata nikilia, kataa.

Ramadhani njema. Ufuturu vizuri.

Bena wako


Sudi,
27 Aprili 2024

Bena,

Idi imepita na nguo mpya sikushona, nilinunua beseni la pili.

Umengoja, najua. Mvua zimekuwa nyingi, maji ya bahari yametibuka, konokono wamekuwa adimu. Bamvua lililopita niliambulia wawili, wengine wameshataga na kufa. Na juu ya hayo kamati iliniita. Ahmadi Likwata alikaa mbele na daftari lake, akasema imeonekana baadhi yetu wanachukua viumbe vya bahari na kuvitesa nyumbani kila asubuhi, na kwamba hiyo ni alama ya uganga. Kumbe jirani alikuwa anachungulia uani. Wakataka niahidi sitakwenda tena kwenye majani.

Nikasimama. Nikasema: "Mwenyekiti, shikamoo. Hapa tunampiga pweza juu ya jiwe mpaka alainike, na hakuna aliyewahi kuitwa mchawi. Mimi nabana konokono kwa sababu kuna swali, na swali hilo lina kibali, na kibali kiko ukutani kwangu. Anayetaka kuona aje asubuhi. Lakini ahadi mnayoitaka sitoi." Nikakaa. Mama akasema kwa sauti, "Mmesikia." Kikao kikahamia kwenye habari ya nyavu.

Kesho yake alfajiri walikuja wanawake wanne kuangalia. Mmoja akaomba ambane mmoja. Nikamkatalia, nikasema huu ni utafiti. Nimeipenda sana hiyo kauli.

Konokono sasa wanatosha. Nusu nawakamua, nusu siwagusi, na wasioguswa wameshaharibu beseni langu kwa wino, nimewasamehe. Nyuzi nimezichana kwenye kanga ya zamani.

Deli hili silikabidhi kwa Yassini. Nakuja nalo mwenyewe. Nitakaa nalo miguuni mpaka Dar, na mtu wa kanzu nyeupe akae mbali. Usije kunipokea na Profesa.

Mwahija


Somanga,
5 Mei 2024

Bena,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya deli lenyewe. Anayekuletea hii ni dada mmoja anaitwa Joyce. Yeye hana mzigo, anavuka kwa miguu na kupanda gari la ng'ambo.

Utakuwa umesikia. Upepo ulikuja na mvua na barabara imekatika mbele yetu. Mabasi yamepanga foleni kuanzia kwenye maji mpaka huko nyuma, watoto wanalia, wauza maandazi wamepandisha bei. Yassini amesema niwamwage baharini nirudi nyumbani, hawawezi kuishi. Nikamwambia amwage abiria wake kwanza.

Bahari iko karibu. Nilikodi bodaboda, nikaenda na ndoo, nikarudi na maji. Ila mito imeingiza matope na maji matamu, nikawa naonja kila mahali kwa ulimi mpaka nikapata yenye chumvi ya kwetu. Nimebadilisha mifuko yote. Uzi huu na uzi ule, wote wamepata maji ya ndoo moja, wote wametikiswa sawa, hakuna aliyependelewa. Asubuhi hii niliwakamua wa kukamuliwa mbele ya foleni nzima ya abiria. Walikuja kuangalia kama sinema. Mzee mmoja akauliza hii ni dawa ya nini. Nikasema ni ya kumwonesha mtu kwamba asiyejibu sio lazima awe hana la kusema. Akasema nimpe kidogo, ana mkwe.

Betri za pampu zimekwisha, tunapuliza hewa kwa zamu kwa mpira wa baiskeli. Mimi na Yassini. Ndiyo, Yassini.

Wawili wamekufa, mmoja kila upande. Waliobaki wananishika kidole. Weka dawa zako tayari. Nafika.

Mwahija


Dar es Salaam,
1 Julai 2024

Mwahija,

Tangu uondoke sijaosha ile ndoo ya Somanga. Imekaa kwenye kona ya maabara na kila anayeuliza namsimulia.

Najua kaka yako alikupa simu siku ile nilipopiga akiwa amekasirika, na kwamba ulikuwa na samaki jikoni. Wewe ulisikia sauti tu, hukuiona sura, kwa hiyo ngoja nikupe sura.

Vipimo vilikwisha. Nilimwita Profesa, nikamwita na Daktari Martina wa chumba cha jirani awe shahidi, nikaziweka karatasi mezani: uzi mweupe hivi, uzi mwekundu hivi. Profesa akasema sawa, mwulize huyo mama yako wa pwani yupi ni yupi. Nikaweka simu kwenye spika. Nawe ukasema, "Shikamoo Profesa. Andika kwanza wewe unavyodhani, utie sahihi, umpe mtu mwingine ashike. Kisha nitasema."

Mwahija, alivua miwani. Akaivaa. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekufundisha, na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani atakata simu. Lakini Daktari Martina alimsogezea kalamu, taratibu, na akaandika. Akasaini. Ulipomaliza kugeuza samaki ukasema, "Wekundu ndio niliowakamua." Daktari Martina akafungua karatasi ya Profesa. Aliandika wekundu.

Amejua, unaona? Aliangalia vipimo vyangu tu, na vipimo vikamwambia nani aliumizwa na nani hakuguswa. Weupe nilipowabishia, mjumbe alikimbia kama wale wa Novemba. Wekundu walikuwa wameshasimama. Nililia palepale mbele yao, na sijuti.

Ungetegemea sasa atasema hewala. Alisema ni jambo la kuvutia, ila halikuwa swali letu, na madeli ya Januari na Februari bado yatoke ili kazi iwe fupi. Nikasema hayatoki. Akasema basi jina lake litoke. Nikasema, litoke. Baada ya yote hayo bado alitaka rula, na mimi nilikuwa nimeshakaa sana na wewe.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Ufadhili umekwisha jana. Profesa amejitoa. Daktari Martina amekubali kunisimamia, lakini hana fungu hata la karatasi. Chumba nimekirudisha na jirani amelia kuliko mimi, nadhani ni pweza. Keshokutwa narudi Mtama, nitaandikia stoo ya baba kati ya magunia. Joho la Novemba halipo. Nilimpigia nikamwambia ukweli. Akauliza, "Kwa hiyo umegombana na profesa kwa ajili ya konokono?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ulikuwa na haki?" Nikasema ndiyo. Akasema atanitafutia meza, ila walioalikwa niwaambie mimi.

Naogopa kidogo. Lakini sijutii.

Bena


Sudi,
16 Februari 2025

Benadetha binti Damiani,

Kitabu chako kimefika. Yassini amekileta mpaka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, amekifunga ndani ya mfuko wa konokono ili kisilowe, na amekataa chai kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi barabara nzima. Anasema abiria wa Somanga wanamwuliza mpaka leo kama wale wadudu walipona.

Kwamba wametia sahihi wote, mpaka yule mtahini wa nje, nilishasikia kwa kaka. Nilimnyang'anya simu nikakupigia na hukupokea. Sasa nami nimejua ladha ya kupiga nisikupate.

Kiingereza chenu ni kigumu. Nilichoweza kusoma nimesoma. Jina langu nimeliona, Mwahija Hussen, na mbele yake kuna neno nililompelekea mwalimu wa shule ya msingi anitafsirie. Amesema maana yake ni "aliwakamua." Mama amecheka mpaka akaomba maji. Ahmadi Likwata amepita hapa jana eti kunisalimia, akakishika kitabu, akakipima uzito kwa mkono, akauliza kama uchawi wote ule umeandikwa humo. Nikasema wote, na la kwake lipo. Ameondoka hana raha.

Bahari imetulia na konokono wapya wameanza kuonekana kwenye majani, wadogo kama kidole cha mtoto. Sijamgusa hata mmoja. Njoo uwaone kabla hujaanza tena maswali yako. Usije na dereva, njoo na miguu yako.

Usiku, mama alipolala, nilikifungua tena. Nikatafuta jedwali la madeli, nikalipata. Novemba, Desemba, Januari, Februari, na la Mei la kwetu. Nikaweka kidole kwenye Januari nikakivuta mpaka mwisho wa mstari, kisha Februari. Nikafunua kurasa zote zilizobaki, mbele na nyuma, nikisogeza taa karibu.

Nilikuwa natafuta alama ya rula, Bena. Haipo.

Mwahija Hussen